Si Mgongo

Fundi wa makochi wa Kiganjo, aliyenitengenezea viti vyangu vya sebuleni hapa Mugutha, ametutoka. Tulimzika Jumamosi. Nilihuzunika, lakini nakiri kwamba nilirudi nyumbani na moyo mwepesi, na nina sababu.

Mtu huyu alitokwa na damu kila alipokwenda haja kubwa, akanunua dawa ya bawasiri na kunyamaza. Maumivu yalipozidi akaenda kliniki, akakuta daktari ni msichana wa rika la bintiye. Aibu ikamkaba. "Ni mgongo, daktari," akasema. Akatibiwa mgongo miezi minane, mgongo wa watu usio na kosa! Siku moja mkewe aliingia pamoja naye. "Daktari, si mgongo," akasema mama yule. "Ni hapa kwa kukalia, na kunatoka damu mingi." Daktari akampima kwa kidole, akagusa uvimbe, na kinofu kikapelekwa maabara. Ilikuwa melanoma, saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi, ambayo ni nadra sana kuota mahali pale. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa. Baadaye ilirudi, safari hii kwenye ini, lakini kabla ya hapo alivikalia viti vyake bila maumivu na kumwoza binti yake.

Katika kipindi hicho ndipo alipokuja kunirekebishia kochi, nami nikamlalamikia mgongo. Aliweka nyundo chini. "Mgongo gani? Hiyo mgongo mimi naijua! Kesho unaenda hospitali, na unasema na mdomo yako." Kweli nilikuwa nikiona damu, hata mke wangu sikuwa nimemwambia. Nilienda kwa daktari wake yule yule, nikataja, nikapimwa, nikangoja majibu bila hamu ya chakula. Bawasiri tupu! Sijawahi kuupenda ugonjwa namna ile. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa karibu kujificha hadi kaburini.

Basi pale mazishini mhubiri akasema marehemu alisumbuliwa sana na mgongo. Mjane akasimama. "Pasta, si mgongo," akasema, akapataja mahali penyewe mbele ya wakwe na watoto. Watu wakainamisha vichwa. Tulipokuwa tunanawa mikono tule, wanaume watatu walinivuta kando, mmoja baada ya mwingine, wakitaka kujua yule daktari yuko wapi. Kila mmoja alisema anamwulizia jirani. Niliwaelekeza wote, nikawaomba wamwambie jirani huyo asiende kusema ni mgongo.