Flashi Aliyochaguliwa Wuryani

Wuryani alipiga picha za harusi mjini Malang kwa miaka kumi na mmoja, na mimi nilikuwa mpambaji wa maharusi wake. Muda wote huo alifanya kazi ndani ya studio, taa zake zikitumia umeme wa ukutani. Kisha Bu Hartini, mwenye duka la magauni, akampa kazi ya picha za matangazo kwenye mchanga chini ya mlima Bromo, saa sita mchana, wakati ukungu umeondoka na mlima unaonekana wote.

Ilibidi anunue flashi ya betri. Akamwendea Gunadi, mpiga picha mwenzake waliyejifunza naye kazi kwa fundi mmoja, mtu aliyekula kwake kila Idi.

"Kaka Gun, nichukue ipi? Ile kubwa ya nguvu mia sita, au hii ndogo ya mia mbili?"

"Kubwa utaibebaje mchangani, dada? Betri yake kama tofali! Chukua ndogo, uisogeze karibu tu."

"Jua la mchana italiweza?"

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

Akanunua ndogo.

Siku ya kazi jua liliwaka hasa. Wuryani akiupata mlima vizuri, uso wa yule binti aliyevaa gauni unakuwa mweusi. Akiisogeza flashi karibu, inaingia kwenye picha, maana Bu Hartini alitaka gauni lionekane lote na mkia wake. Akiirudisha nyuma, ni kama hajawasha kitu.

Bu Hartini akatoa simu. "Usinielewe vibaya, Wur. Gunadi aliniambia nikikwama nimpigie."

Kutoka Malang ni zaidi ya saa mbili. Dakika ishirini hazikuisha, gari likasimama, Gunadi akashuka na kamera yake, na ile flashi kubwa begani.

"Pole, dada. Nilikuwa hapa jirani."

"Jirani na nani? Huku kuna nyumba ya nani?"

"Tusianze mbele ya mteja."

"Ulijua, Gun. Umekaa kwangu, unakula supu yangu ya bakso, na ulijua."

Gunadi akajifanya anakaza stendi. Flashi ikapiga mara moja: uso wa binti ukang'aa, na mlima nyuma yake ukabaki na rangi zake zote. Wuryani akachungulia kwenye kamera ya Gunadi.

"Nzuri," akasema taratibu. Akakunja vitu vyake, tukaondoka.

Njiani hakulia. Alirudia neno moja tu: "Labda alikuwa nyuma yetu tangu asubuhi."

Kazi za Bu Hartini zikahamia kwa Gunadi. Mwaka uliofuata Wuryani alinunua flashi kubwa, baada ya kumsimamisha muuzaji juani nje ya duka na kumpiga picha nayo mpaka akajionea mwenyewe kwamba inaliweza jua. Kazi za nje anazo sasa.

Idi ilipofika, Gunadi alikuja na boksi la keki. Wuryani alilipokea mlangoni, akashukuru, akabaki amesimama pale pale, ameuziba mlango. Gunadi alikuwa ameshavua viatu.