Shahada ya Fedha na Asili ya Ng'ambo

Nilisoma fedha kwa sababu bibi yangu aliamini kwamba mtu wa benki hafi njaa. Hakukuwa na sababu nyingine. Mwenyewe nilitaka historia. Lakini baba alizama ziwani nikiwa mdogo, mama akaolewa tena Mpanda, na bibi ndiye aliyebaki na mimi Ujiji, akanisomesha kwa kuuza mawese sokoni. Anayekusomesha ndiye anayekuchagulia, ubishe usibishe.

"Historia nitakupa mimi bure, mume wangu," aliniambia. Mume wangu ndilo jina alilonipa, utani wa bibi na mjukuu. "Huko chuoni kasome pesa."

Basi nikapanda treni nikaenda kusoma pesa, mimi ambaye sikuwahi kuingia ndani ya benki hata siku moja. Wenzangu wengi walitoka mijini, na hisa na hatifungani walikuwa wamezisikia mezani kwao wakila. Mimi nilizisikia kwa mara ya kwanza kwa mhadhiri, tena kwa Kiingereza. Mwaka wa kwanza nilisoma fedha kama mtu anayemeza kwinini. Suruali ya maana nilikuwa nayo moja, naifua jioni, asubuhi naivaa na ubichi wake. Nilichukia chuo, nilichukia vitabu vyake vizito, na nilimchukia hata bibi kidogo, Mungu anisamehe.

Ajabu ni kwamba niliiweza. Mizania iliyowatoa wenzangu jasho, kwangu ilikaa sawa bila kuihangaikia. Mwaka wa pili watu walianza kuja chumbani kwangu na madaftari yao kabla ya mitihani. Mhadhiri wetu mmoja, mtu mkavu asiyesifu ovyo, alinisimamisha nje ya darasa akasema benki yoyote yenye akili itanichukua. Nikampigia bibi simu nikamwambia. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekata, kumbe analia. Tangu siku hiyo nikaitaka ile kazi kweli. Nilitaka aache kubeba madumu.

Nikiwa mwaka wa tatu, Warundi waliokimbia machafuko kwao wakafurika Kagunga, kijiji chetu cha mpakani ziwani. Pale kantini kulikuwa na televisheni, ikaonyesha ufuko umejaa watu na magodoro na watoto, na meza nzima ikageuka kunitazama. "Ndugu zako hao," mmoja akasema, wakacheka. Sisi wa mwisho wa reli utani huo wa kuitwa wageni tumeuzoea. Ila mwaka ule uliniuma, kwa sababu waliendelea nao hadi haukuwa tena utani.

Likizo nilirudi kwa basi. Kwenye kizuizi kimoja cha uhamiaji tuliambiwa tushuke, tukaulizwa mmoja mmoja tunatoka wapi. Mimi nilijibu kwa Kiswahili changu cha Ujiji, nikaruhusiwa kupanda. Mama mmoja wa Simbo, kijiji jirani na kwetu, aliyekuwa kiti cha mbele yangu, alijibu kwa lafudhi ya Kiha, inayofanana na ya Kirundi, akabakizwa kando ya barabara na mfuko wake wa mihogo. Basi liliondoka na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo. Mjini nako meli zilikuwa zinashusha watu bandarini, uwanja wa mpira umegeuka malazi, na wenyeji wanaogopa hata kuyanywa maji ya ziwa kwa sababu ya kipindupindu. Bibi alikuwa akipika uji wa sufuria kubwa, anaupeleka kwa akina mama waliojifungua njiani. Alirudi kila siku amenuna, hataki kuulizwa kitu.

Mafunzo ya vitendo niliyafanya kwenye benki moja hapo hapo mjini. Meneja alinipenda. Siku ya kuaga aliniambia nikimaliza chuo nafasi yangu ipo, nilete cheti na kitambulisho cha taifa. Nilimaliza, na cheti kilikuwa kizuri. Kikabaki kitambulisho, na miaka ile mtu wa kwetu hakukipata hivi hivi. Ilibidi wahakikishe kwanza kwamba wewe si mkimbizi, na mashahidi wa ukoo wako wahojiwe. Mimi shahidi wangu alikuwa bibi.

Siku afisa wa uhamiaji alipokuja, bibi alivaa kitenge kipya na kupika migebuka kwa mawese. Afisa alikuwa kijana mpole, mgeni katika mkoa wetu. Alimwamkia shikamoo, akakaa, akafungua karatasi zake.

"Bibi, asili yenu ni wapi?"

Sasa, Ujiji ukimuuliza mzee asili yake, hujamuuliza alikozaliwa. Alikozaliwa kunajulikana, ni hapa hapa, na wazazi wake hapa hapa. Asili ni ng'ambo ya ziwa. Kwenye harusi na misiba yetu, kabla ya sahani kushuka, mzee hukaa akautaja ukoo, mtu kwa mtu, mpaka afike Kongo kwenye kijiji ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona. Asiyeweza kuutaja huhesabiwa mtu wa kuokotwa. Yote hayo niliyajua tangu utotoni. Nilikuwa na shahada, na bado sikufikiria kumtahadharisha.

Bibi alijiweka sawa. "Sisi watu wa ng'ambo, mwanangu. Kongo." Akaanza. Akamtaja babu wa babu yake aliyevuka, mto alioacha nyuma, ukoo wa mama yake, ukoo wa mumewe. Aliutaja vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Kijana alikuwa anaandika.

"Bibi," nikaingilia, "anauliza ulikozaliwa."

"Nyamaza, mume wangu. Wakubwa wanazungumza."

"Kwa hiyo bibi ni Mkongo?" afisa akauliza.

"Hasa. Mkataa kwao mtumwa."

Kijana alikula samaki, akanawa, akashukuru. Alipotoka bibi alinigeukia akiwa amefurahi kama bibi harusi. "Umeona nilivyokusimamia? Sasa anajua hukuokotwa."

Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilisema uraia wangu una mashaka. Bibi sikumsomea barua ile. Nilikata rufaa, nikarudishwa, nikaenda tena. Meneja alinisubiri mpaka alipochoka, akamchukua mtu mwingine, na simlaumu. Mimi nikaanza kumsaidia bibi kubeba madumu.

Mitaani nako habari zikawa zinazagaa, kwamba mtoto wa fulani amekataliwa, na wa fulani, kwa sababu wazee wao walisema Kongo. Asubuhi moja bibi alikuwa akimimina mawese kwenye chupa, akasimamisha mkono.

"Mume wangu. Ni yale maneno yangu?"

Nilimtazama. Mafuta yalikuwa yanamtiririkia vidoleni na hayaoni. Ningemwambia ukweli, asingeutaja ukoo wake tena maisha yake yote, ninavyomjua.

"Hapana, bibi," nikasema. "Benki walitupa mtihani. Hesabu zilinishinda."

Alishusha pumzi, akajifuta vidole. "Pole, baba. Hesabu ni ngumu."

Akaamini, na kwa kuwa aliamini, akasimulia. Alimsimulia muuza kanga, akawasimulia wa msikitini, akamsimulia kila mteja aliyeuliza mbona msomi anabeba madumu. Alisimulia kwa huruma, akiomba waniombee dua ya kufunguka akili. Niliwaona watu wakinionea huruma njiani. Sikukanusha, nikajiambia itapita.

Kisha kaka yake bibi akafariki. Watu walijaa uani, na ikatakiwa mtu wa kukaa mezani kupokea rambirambi na kuziandika. Mjomba mmoja, mgeni kutoka Kasulu, akasema kwa sauti, "Si tuna msomi wa fedha hapa? Akae yeye." Nilishavuta kiti. Wallahi nilifurahi, msibani pale pale, nikashika kalamu.

Bibi akainuka kutoka walipokaa wanawake, na macho yake yamevimba kwa kulia. Alisema taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Jamani, msimtie aibu mjukuu wangu. Hesabu zinamshinda. Mpeni mikeka aitandike."

Watu wakatazama chini. Nikaiweka kalamu mezani, nikaenda kutandika mikeka.