Njia za Kumfuata Isidori

Mtu aliyevuka maji mara moja hudhani maji yote ni hayo. Ghati wa Kiabakari alikuwa amevuka mara moja tu, alipokwenda kumzika shangazi yake Ukerewe. Basi aliposikia mumewe Isidori analinda hoteli ya ufukweni huko Unguja, jirani na bandari huru ya mizigo isiyotozwa ushuru, alipanda gari mpaka Bunda, akaunganisha mpaka kivukoni Kisorya. Simu zake Isidori hakuwa akizipokea tena; atamfuata hukohuko.

Jumamosi wakwe wangeleta ng'ombe wa mahari ya Jenipher, binti wa Ghati na Isidori. Baba akitoweka, hupokea mdogo wake. Na Maige, mdogo wa Isidori, alikwishapanua zizi lake. Ghati amlee mtoto kwa jembe, peke yake, ng'ombe wachukuliwe na Maige!

"Unguja, bandari huru?" mkata tiketi wa kivuko alicheka. "Mama, hiyo iko baharini. Hapa utaishia Nansio, hukohuko Ukerewe."

"Kwani maji hayaungani?"

"Yaungane wapi! Rudi Bunda, panda basi la Dar, halafu boti."

"Basi litamvunja kiuno," alidakia mama muuza sato. "Dada, nenda Mwanza ukapande treni."

"Treni inachelewaga! Apande ndege hukohuko Mwanza," alisema abiria mmoja.

"Ndege nilipie meno?" Ghati aliuliza.

"Na ukishuka Unguja, bandari huru iko mbali na mjini. Utatafuta gari tena," mkata tiketi aliongeza.

Basi, treni, ndege, boti, gari tena. Kichwa kilimzunguka. Isidori alipita wapi kati ya hizo? Na mwanamume anayekwenda mbali hivyo, amefuata kazi au amekimbia? Kivuko kiliondoka, yeye amesimama palepale. Hata angechagua, Jumamosi ingemkuta njiani. Akarudi Kiabakari.

Wakwe walipofika, Maige alikuwa mbele, fimbo mkononi.

"Mwenye mji yuko wapi?" aliuliza mkwe mkubwa.

"Hayupo," alisema Maige. "Napokea mimi."

"Yuko njiani anarudi," alisema Ghati.

Wakwe wakawazuia ng'ombe. Mwenye mji akiwa njiani, mdogo wake hapokei. Ng'ombe humngoja zizini kwake.

"Njia gani?" Maige alifoka.

"Njia ni nyingi, shemeji. Hata mimi zimenichanganya. Labda basi. Labda treni."

Mkwe alimtazama Maige, akamtazama Ghati, asijue amwamini nani. Ghati hakungoja. Aliondoa miti ya mlango wa zizi lake, na ng'ombe wa kwanza akaingia.