Bibi Yangu Hajafika India

Muhula uliopita mwalimu wa historia alitupa mada ya mdahalo: wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walichota fikra zao India. Mimi na binti mmoja wa darasani tukapangwa kutetea. Shule yetu iko Kihesa. Washindi wangekwenda kuchuana Mbeya, na mama wa mwenzangu anauza mchele huko, hawajaonana tangu Krismasi.

"Ukileta utani wako siku hiyo," mwenzangu akaniambia, "nakuzika mzima."

Siku ikafika, akaanza yeye. Wahindi wa kale walisema roho ikitoka hurudi katika mwili mwingine. Wagiriki fulani nao wakasema vilevile, hadi mmoja anasimuliwa kwamba alizuia mbwa asipigwe, eti kasikia sauti ya rafiki yake marehemu. Fikra ya ajabu namna hiyo, akasema, haiwezi kuzuka mara mbili. Lazima mmoja alimpa mwenzake. Majaji wakatikisa vichwa kukubali. Mbeya hiyoo!

Zamu yangu, nikaona ukumbi unasinzia.

"Jamani, mambo haya hata kwetu yapo! Nimepewa jina la babu, basi bibi yangu wa Kalenga ananiita mume wangu. Anasema nilipozaliwa tu alinitambua: mzee karudi, hata kununa ni kulekule!"

Watu wakavunjika mbavu. Mpinzani akainuka, naye anacheka.

"Kaka, bibi alifundishwa na nani? Wahindi au Wagiriki?"

Nikaanza kupekua karatasi zangu. Yeye akaendelea:

"Kama Kalenga walijifikiria wenyewe, Ugiriki walishindwaje?"

Tukaangushwa. Jumamosi nikaenda Kalenga kupeleleza.

"Kamwene, mume wangu," bibi akanisalimia. "Mbona umenuna?"

"Bibi, hili la mimi kuwa babu ulilitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Na yeye?"

"Mzee, akili uliziacha kaburini? Menya viazi."

Nikamenya, kichwa kinazunguka. Labda Wagiriki walifundishwa kweli. Labda kila aliyezika mtu wake anafika hapohapo bila kufundishwa. Au bibi ananitania tu miaka yote hii?

Jumatatu nikamweleza mwenzangu. Hakucheka.

"Wewe na babu yako, mmoja wenu ampigie mama amwambie siji."

Jioni nikapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?" mama yake akauliza.

Swali jepesi kabisa. Jepesi kwa asiyeitwa mume na bibi yake.