Vishimo vya Wimbo wa Bibi Achol

Nakumbuka Jumapili moja pale Lodwar, mwanangu, mwaka wa 2012, mgeni kutoka Vietnam alipokuja kanisani na gitaa lililonichekesha. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwa watu wa mafuta kule Lokichar. Ubao wa shingo ya gitaa lake ulichongwa vishimo katikati ya vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo. Nikadhani limeliwa na mchwa! Kumbe kwao huchongwa hivyo makusudi, ili kidole kizamishe uzi na sauti ipinde kama ya mtu anayeimba. Alipolipiga, kicheko kiliniisha.

Wakati huo mimi, mpiga gitaa wa kwaya, nilikuwa na kibarua kigumu. Bibi Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini kambini Kakuma, alikuwa akimwoza mjukuu wake, na kwaya yetu ndiyo iliyoalikwa kupiga. Alitaka wimbo wa kwao wa kumsindikiza bi harusi, ule alioimbiwa na mama yake. Nilipojaribu kuupiga akatikisa kichwa.

"Hii gitaa yako inapanda ngazi," aliniambia. "Wimbo yetu haina ngazi. Kama ni hivyo, mimi nitakaa kimya siku ya harusi."

Bibi anyamaze kwenye harusi ya mjukuu! Iliniuma, kwa kweli.

Basi baada ya kumsikia yule mgeni nikaona dawa ya zile ngazi nimeipata: ni vishimo, sauti ipinde badala ya kuruka. Nikapanda gari la Kakuma, tupa na msasa mfukoni. Nilipofika sikungoja hata kupumzika. Nikalilaza mapajani gitaa la kwaya, nasi hatukuwa na jingine, nikaanza kukwangua. Bibi akanishika mkono.

"Kijana, wewe umesikia wimbo yangu mpaka mwisho?"

Sikuwa nimeusikia. Kila mara nilimkatiza kwenye ubeti wa kwanza, nikidai nimeshaushika. Ujana huo!

"Sasa unachonga nini? Kaa. Kunywa chai."

Akaimba, akacheka, akarudia. Huko mbele, nisikokuwa nimefika, ndiko sauti yake ilikopinda hasa. Kila ilipopinda nikatia alama ya chaki, na hapo tu ndipo nilipochonga.

Siku ya harusi, nilipozamisha kidole kwenye kishimo cha kwanza, Bibi Achol aliweka mkongojo chini akaimba wimbo wote, tena akiruka! Wanakwaya walishindwa kwenda naye. Nilifurahi mpaka vidole vikanipotea, na hakuna aliyejali.

Gitaa ni hilo hapo ukutani, mnalolicheka kama nilivyocheka mimi. Mwanangu, ukitaka kumsaidia mtu, tupa yako iache mfukoni kwanza. Kaa, kunywa chai yake, msikilize hata pale unapodhani umeshaelewa. Ndipo uchonge.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Na siku utakapokuwa na wimbo wako, akuletee mtu wa kuusikia mpaka mwisho.