Kanuni Niliyomwekea Baba

Nina hasira za karibu, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo madereva wote wa malori pale Tunduma wanalijua. Kazi yangu ni uwakala wa forodha: mzigo ukitaka kuvuka kwenda Zambia, mimi ndiye ninayekimbizana na karatasi zake. Karatasi zenyewe siku hizi zinakuja kwa barua pepe. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijanywa chai nafungua kikasha changu, na kila asubuhi kilikuwa kinanitibua nyongo.

Nilikuwa nakuta nimeshinda bahati nasibu ambayo sikucheza. Mjane wa jenerali wa nchi nisiyoijua alikuwa na masanduku ya dhahabu, na katika watu wote walioumbwa na Mungu akaniamini mimi. Kulikuwa na dawa ya nguvu za kiume, nami ni mwanamke, tena mama wa watoto watatu. Nabii mmoja alikuwa anauza mafuta ya upako, unatumiwa kwa basi popote ulipo. Jamani! Hata upako nao unapakiwa kwenye buti.

Lakini wote hao ukiwajumlisha, pamoja na nabii wao, hawakufua dafu mbele ya baba yangu mzazi.

Baba ni mwalimu mstaafu, ana shamba la kahawa huko Mbozi, na tangu mama afariki anakaa peke yake. Barua pepe alifunguliwa na kikundi chao cha wakulima. Kila mwanachama alitakiwa awe nayo, na wenzake waliisahau kesho yake. Yeye aliipokea kama mtu aliyepewa sanduku la posta la bure. Simu ya kisasa nilimnunulia mwenyewe, kwa hiyo msinihurumie. Makundi ya kuchati aliyakataa katakata. "Kule ni kijiweni," aliniambia, "kila mtu anaropoka. Barua ni barua." Akitaka kuandika barua yake mwenyewe, aliiandika kwanza kwenye daftari, akaisahihisha kwa wino mwekundu, ndipo akainakili kwenye simu kwa kidole kimoja.

Hizo za kwake zilikuwa chache. Zilizonimaliza ni zile alizotumiwa na watu, naye akatusukumia sisi wote anaotufahamu. Kitunguu swaumu kinatibu presha, sukari, kiuno na wasiwasi. Usile ndizi na yai kwa pamoja, kuna mtu amekufa. Sala hii ina nguvu, itume kwa watu kumi na wawili kabla jua halijazama. Mmoja aliipuuza, akafukuzwa kazi. Katika hao kumi na wawili mimi nilikuwa wa kwanza daima, kwa kuwa ndiye kifungua mimba wake.

Siku iliyonifikisha mwisho nilikuwa nasubiri kibali cha lori la mbolea. Lori liko kwenye foleni, dereva wake Mzambia kasimama mlangoni kwangu, na kila baada ya dakika tano ananiuliza, "Mulishani, mama?" Ni salamu tu ya kwao, lakini kwa jinsi alivyoitamka ilikuwa tusi. Naangalia kikasha, naona kitunguu swaumu. Naangalia tena, ndizi na yai. Kibali kumbe kilikuwa kimeingia tangu asubuhi, kimefunikwa na barua kumi na moja za baba. Nilipokiona, zamu ya lori ilikuwa imepita, likarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ya Tunduma anayeijua anaijua.

Mchana ule niliagiza chai na chapati mbili, nikakaa kuweka kanuni. Kanuni ni kitu chepesi: unaiambia kompyuta kwamba barua yenye neno fulani, au inayotoka kwa mtu fulani, ikiingia tu ifutwe, hata usiione. Utamu wake sikuutegemea. Miaka yote nimesimama upande wa wanaoomba kupita. Siku ile na mimi nikawa na geti langu. Bahati nasibu, futa. Dhahabu, futa. Nguvu za kiume, futa. Upako, futa, Mungu anisamehe.

Halafu nikaandika anwani ya baba. Sitasema uongo kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka hata kidogo, nilikuwa natafuna chapati. Kompyuta ilinipa nafasi ya kuchagua, kwamba barua zake ziwekwe kando nizisome baadaye, au zifutwe. Nikachagua zifutwe. Nikajisemea, akiwa na jambo la maana atapiga simu.

Na simu alipiga, kila Jumapili baada ya ibada. Aliuliza hali ya wajukuu, akanieleza mvua, akanieleza kahawa, na mwisho, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, akawa anasema, "Barua zangu unazipata?"

"Nazipata, baba. Zote."

"Na unazisoma?"

"Nazisoma, baba."

Basi hapo husema haya, mama, tuombeane. Mwezi wa pili wote aliniuliza hivyo kila Jumapili, kisha akaacha kuuliza. Mimi nilifurahi. Nilidhani amepoa.

Mwezi wa saba nilikwenda kumwona, kahawa ikiwa inachumwa. Nilimkuta amekonda. Ndani kulikuwa na vikombe viwili mezani, kimoja kikavu, kimoja kina chai iliyoganda utando juu. Nikamuuliza kama alikuwa na mgeni. Akasema hapana, ni mazoea tu.

Baada ya kula akaniletea simu yake. Uso wake ulikuwa na hasira ninayoifahamu, maana ni yangu. "Hebu tazama upuuzi huu," akasema. Kuna watu walikuwa wanamwandikia kwamba ameshinda gari. "Mimi sijaomba gari. Nasikia kuna namna ya kuwakomesha. Nifundishe."

Mwalimu wangu wa darasa la pili na la tatu ananiomba nimfundishe! Kichwa kilivimba. Nilikuwa nimekuja na kompyuta ya ofisini, nikaifungua mezani kwa mbwembwe zote. Baba akaketi pembeni yangu, daftari gotini, akaandika kwa hati yake ya ubaoni: Hatua ya Kwanza. Nikamwambia, kwanza unafungua hapa, panapoandikwa kanuni, halafu zinatokea zile ulizokwisha kuziweka, kama hivi.

Zikatokea kama hivi. Ya juu kabisa ilikuwa yake.

Baba alisogeza miwani, akaweka kidole kwenye kioo na kusoma kwa sauti, polepole, kama anasomea darasa imla. Alisoma anwani yake yote, kwa herufi na tarakimu na nukta. Akafika kwenye neno la mwisho. "Futa."

"Huo ni mfano tu, baba," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mezani. Alinitazama mpaka nikatamani anichape. Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa.

"Kwa hiyo hukukataa. Hukusoma."

"Kukataa nini, baba?"

Alifunga daftari, akatoka nje kwenda kugeuza kahawa kwenye vichanja, na kahawa yenyewe alikuwa ameigeuza nusu saa iliyopita. Nikamfuata mlangoni, nikamwomba anieleze. Akasema bila kugeuka kwamba lile si jambo la mdomo baina ya baba na binti yake, na kwamba ataituma upya.

Alisimama katikati ya vichanja, akabonyeza kwa kidole kimoja. Nikarudi mbio kwenye kompyuta. Barua ikaingia, nikaiona, ikafutwa mimi nikiwa naikodolea macho. Kanuni ilikuwa kazini! Ikanibidi niifute kwanza kanuni, kisha nikaiokote barua ya baba kwenye tupio, kati ya mjane wa jenerali na mafuta ya upako.

Ilikuwa na anwani juu upande wa kulia, na tarehe ya mwezi wa pili. Chini yake aliandika YAH: KUOMBA RIDHAA YAKO. Alinisalimu, akanijulisha kuwa yeye ni mzima na mbuzi mmoja amezaa. Kisha akasema nyumba imekuwa kubwa. Akasema hupika chai ya watu wawili kwa mazoea, na ya pili hupoa. Kuna mama mmoja wa Itaka, nesi mstaafu, mjane mwenzake, wamezoeana kwenye vikao vya kanisa, lakini mama huyo amesema hataingia nyumba ya watu mpaka binti mkubwa aseme ndiyo. "Sitakuuliza kwa simu, maana nitakutia aibu na mimi nitajitia. Ukiridhia, niandikie. Ukikaa kimya nitakuelewa, wala sitakulaumu. Mama yako sijamsahau."

Nililia. Nililia kwa sauti, na najua alisikia kwa sababu alianza kuimba wimbo wa kanisa kule nje ili aonekane hasikii. Kila Jumapili mzee wa watu alikuwa ananiuliza kama nimesoma, nami namwambia nimesoma, yaani namwambia: nimesoma, na jibu langu ni hapana.

Nikamwandikia palepale. Baba, nimeridhia, mlete, nisamehe. Nikasikia simu yake inalia huko kwenye kahawa. Dakika mbili baadaye likaingia jibu: "Nimepokea. Hakuna anwani, hakuna tarehe, hakuna yahusu. Rudia." Nikarudia, nikiwa natoka kamasi.

Ndipo akaingia ndani, akakaa. "Umeandika vizuri," akasema. "Lakini umechelewa, mama. Yule tangu Pasaka amehamia Ivuna kwa mwanawe. Nilimwandikia mara nne kumwomba avute subira, labda mtandao ndio unachelewesha jibu lako. Hakunijibu hata moja. Mtu mzima akinyamaza amesema. Basi yaishe."

Yaishe? Thubutu! Mimi mwenyewe niliyafanya, halafu yaishe? Alfajiri nilikuwa njiani kwenda Ivuna. Kwa desturi binti hamposei baba yake mke, lakini kwa desturi pia binti hamfuti baba yake, na hilo nilikwisha kuliweza.

Ukitoka kwenye baridi ya Mbozi ukateremka kule bondeni, sweta unalivua, baadaye unatamani kuvua na ngozi. Nyumba niliionyeshwa upesi. Nyuma yake mkwe wa yule mama alikuwa anachemsha maji ya chumvi, moshi umetanda uani, na mama wa Itaka ameketi kwenye kigoda anafunga chumvi kwenye mifuko. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa mwalimu wa Mbozi."

"Marahaba." Akaendelea kufunga. "Umekuja kunikataa kwa mdomo? Safari yote hii, mwanangu, si ungeandika tu."

"Sikukukataa, mama. Barua sikuisoma. Baba nilimwekea kanuni kwenye barua pepe, akiandika anafutwa."

Mikono yake ikasimama. "Ulimfuta baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Kisa?"

Nikaona haya, lakini nikasema. "Kitunguu swaumu."

Yule mama akanitazama, mashavu yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, tena kile kicheko cha kupigapiga mapaja. "Na ndizi na yai?"

"Na ndizi na yai."

"Na tuma kwa watu kumi na wawili! Ai, mwanangu! Nimefanya unesi maisha yangu yote, halafu mtu ananitibia presha kwa kitunguu kila siku ya Mungu! Tulikuwa na mafunzo ya kompyuta ya akina mama kanisani, wakatuonyesha namna ya kufuta takataka, na wa kwanza kumweka alikuwa yeye. Nikajisemea, akiwa na jambo la maana atakuja."

Nilicheka na mimi. Tulicheka mpaka mkwe akatoka kwenye moshi kutazama kuna nini. Kisha nikaona yeye ameacha.

"Kwa hiyo," akasema, "aliniandikia?"

"Mara nne, mama. Anakuomba uvute subira."

Akafungua fundo la kanga, akatoa simu, akanipa. "Nitafutie."

Nilitafuta. Nikaingia kwenye tupio lake, nikashuka mpaka chini kabisa. Vya tupioni vikikaa mwezi vinajifuta vyenyewe. Yalikuwepo matangazo ya mikopo, na kitunguu swaumu cha wiki iliyopita. Barua nne za baba hazikuwepo.

"Hakuna kitu, mama."

Akachukua mfuko wa chumvi, akaufunga, akaufungua tena. Nilimhurumia yeye, nikajichukia mimi, na zaidi ya yote nikamwona baba yangu: miezi yote ile alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba mbili, na sote wawili tulikuwemo ndani, tumejifungia.

"Mimi nilijua ameniona mzee," akasema taratibu. Halafu kama aliyekumbuka: "Si anaandika kwanza kwenye daftari?"

"Zote. Kwa kalamu."

"Basi mwambie aje nalo. Sitaki za simu. Aje akae hapa, anisomee zote nne kwa mdomo wake."

Nikamwandikia baba pale pale uani, moshi ukiniingia machoni. Niliweka anwani juu kulia. Niliweka tarehe. Niliandika YAH: KUITWA IVUNA NA DAFTARI LAKO. Nikatuma, nikasubiri nirudishiwe na masahihisho.

Jibu lilikuja kabla mfuko wa chumvi haujajaa. Halikuwa na anwani, halikuwa na tarehe, wala salamu. Nikamwonyesha yule mama, naye akavaa miwani kulisoma.

Lilisema: Nakuja.