Mtengeneza Sinema wa Mbeya Anayeionea Haya Filamu Yake

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya mwaka 1957. Mvua imepumzika kidogo mjini Mbeya. Katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani karibu na soko, Muharami bin Othmani amesimama dirishani, ameinua utepe wa filamu kwenye mwanga, wembe mkononi.

Anausogeza utepe kwa kidole gumba, picha moja baada ya nyingine, huku midomo ikihesabu. Kisha kidole kinatulia.

"Ndipo hapa," anasema, na hamtazami mwandishi wa habari hii. "Kipande chenyewe hakifiki hata dhiraa mbili. Ukikipitisha kwenye mashine ni sekunde sita tu."

Kwa sekunde hizo sita, mwanamke mmoja wa Rungwe ameondoka nyumbani kwa mumewe, na Muharami hajala akashiba tangu Oktoba.

Watu wa Mbeya na Iringa wanamfahamu kwa jina la Fundi Sinema. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Iringa, babu yake akiwa mtu wa pwani aliyepanda huku na biashara ya nguo akanogewa na baridi. Kwa miaka sita Muharami aliendesha gari la sinema la serikali, akitembeza picha za choo bora na josho la ng'ombe kutoka Kilolo mpaka Chunya. Mwaka 1954 mzungu mmoja wa mashamba ya Mufindi, aliyekuwa akirudi kwao, alimwuzia kamera kuukuu. Muharami akaacha kazi ya serikali.

"Watu walisema nimerukwa na akili," anasema. "Mke wangu hakusema. Alinitazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi."

Hana kampuni wala bwana. Mchana anashona suruali. Akipata shilingi thelathini na tano ananunua filamu moja, ambayo inapiga dakika nne tu, kisha anaipeleka Nairobi kusafishwa na kungoja wiki tano au sita. Kamera yake haichukui sauti. Kwa hiyo siku ya kuonyesha yeye husimama kando ya shuka inayopokea picha, na kipaza sauti cha bati, akieleza kila kinachoonekana. Mwenzake Fanueli, mtu wa Rungwe anayemtunzia injini ya umeme, hutafsiri wanapokuwa kwao.

Kila mwisho wa mwaka Muharami ana desturi yake. Huandika katika daftari sinema zote alizoziona, akachagua tatu zilizompendeza, na chini yake kazi alizofanya mwenyewe. Mwaka huu ameona kumi na nne, nyingi katika ukumbi wa Wahindi kule Iringa, akilala kwa dada yake na kurudi na lori la mahindi.

Ya tatu ni sinema ya wachunga ng'ombe wa Amerika. Anaipenda kwa ajili ya farasi mmoja mzee anayekataa kuvuka mto. "Wale wengine wote wanaigiza," anasema. "Farasi peke yake ndiye anayeogopa kweli."

Ya pili ni ya serikali, ya kunawa mikono. Mwandishi alitaka kucheka, lakini Muharami alikuwa hatanii. Mwishoni mwake kuna bibi mmoja anayesahau kwamba anapigwa picha, anacheka akionyesha ufizi. Muharami ameionyesha filamu hiyo zaidi ya mara mia, na bibi huyo hajamchosha.

Ya kwanza ni ya Kihindi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama mmoja anamtafuta mwanawe kwa miaka kumi. Katika picha moja mama ananyoosha kikombe cha maji, yuko kwake. Papo hapo picha inageuka, na mkono wa kijana, aliye mji mwingine kabisa, unanyooka kupokea. Hawajakutana, lakini ukumbi mzima unaona mama amempa mwanawe maji.

"Nililia," anasema Muharami. "Nikarudi siku ya pili kuangalia ile picha tu. Nikasema, kumbe wembe na gundi vinaweza kuwakutanisha watu. Nikajiapiza nitafanya na mimi."

Akafanya. Tangu Februari alikuwa akipiga filamu aliyoiita Mwaka wa Rungwe: kahawa, mpunga, ngoma, mvua juu ya migomba. Ilimeza fedha ya suruali za mwaka mzima. Alikaa sana nyumbani kwa kijana mmoja mkulima, Saulo, ambaye mkewe, Sekela, alikuwa na uso usioiogopa kamera. Siku moja alimpiga picha Sekela akitoa kichane cha ndizi mbivu, akicheka, akimpa Saulo aliyesimama nje ya picha.

Siku hiyo hiyo Fanueli alimshika Muharami bega. Alikuwa amemwona Mzee Lutengano, baba yake Saulo, akija njiani. Kabla Fanueli hajasema neno, Sekela alikwisha tupa ndizi zilizobaki chini na kuingia migombani, amegeuza mgongo mpaka mzee apite.

Wasiojua mambo ya Wanyakyusa wa Rungwe waambiwe: huko mke wa mwana hamwangalii baba mkwe, hapiti njia moja naye, wala hapokei kitu mkononi mwake. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na nyumba nzima inasimama juu yake. Mwanamke anayeivunja anadharau wazazi wa mumewe, na wazazi wake mwenyewe hawamtetei.

"Fanueli akanieleza yote palepale," anasema Muharami. "Mimi nilikuwa nimekasirika kwa sababu kamera ilikuwa inaendelea kula filamu bure. Nikamwambia sawa, nimesikia."

Siku chache baadaye alimpiga picha Mzee Lutengano akicheza bao na rafiki yake. Mzee alinyoosha mkono kupokea tumbaku, akacheka. Rafiki hakuonekana pichani, wala tumbaku. Ni mkono tu na kicheko.

Septemba filamu zikarudi kutoka Nairobi. Muharami akakaa katika chumba hiki na wembe wake. Alipouona mkono wa Sekela unatoa na mkono wa mzee unapokea, hakujizuia. Akaviunganisha kwa gundi. Sekela anatoa ndizi, mzee anapokea, mzee anacheka, Sekela anacheka.

"Nilipopitisha kwenye mashine nilipiga makofi peke yangu," anasema. "Nilijiona fundi kuliko wale wa Bombay. Yale ya migombani niliyakumbuka, usidhani sikuyakumbuka. Nikajiambia, hii ni picha, picha haina mkwe."

Mke wake, Mwanahawa, ambaye anasikiliza akiwa mlangoni na ungo wa mchele, anatikisa kichwa. "Baba Ahmadi, mweleze na shuka," anasema kwa upole. "Usiache la shuka."

Muharami anaweka wembe chini. Oktoba alipokwenda kuionyesha filamu, anasema, wenyeji walimjia mapema na ombi moja. Watu wote walitaka kuona, lakini wake wa wana wangekaaje uwanja mmoja na baba wakwe? Wakaomba shuka itundikwe katikati ya uwanja, si ukutani. Wazee wakae mbele, na wake wa wana wakae nyuma ya shuka, waone picha kwa upande wa pili. Hata ikigeuka, kulia ikawa kushoto, si neno.

Muharami alikubali, na alichimba mashimo ya nguzo kwa mikono yake mwenyewe. Watu zaidi ya mia tatu walikaa hivyo jioni ile, pande mbili, kitambaa kimoja katikati, kila mmoja akiwa na amani.

Kisha kwenye kitambaa hicho hicho akatokea Sekela, akimpa Mzee Lutengano ndizi na kumchekea usoni.

Na Muharami, kipaza sauti mdomoni, akasema kwa sauti kubwa: "Mtazameni mkwe mwema anavyomlisha baba."

Fanueli hakutafsiri. Mzee Lutengano akajifunika blanketi kichwani, akainuka, akaondoka, na wazee wa rika lake wakamfuata mmoja mmoja. Nyuma ya shuka wanawake walikuwa wameanza kulia. Muharami aliizima mashine mwenyewe, akasimama pale hajui aweke wapi mikono yake.

Asubuhi Sekela alikuwa amekwisha ondoka kwenda kwao, mtoto mgongoni.

Siku ya nane Saulo alifika Mbeya. Aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja. Muharami anayakumbuka maneno yao, na anayasimulia kwa shida.

"Mke wangu amekwenda kwao," alisema Saulo. "Mama yake mwenyewe anamwuliza, ulimpa baba mkwe ndizi lini? Anasema sikumpa. Mama anamwambia, watu wameona kwa macho, wewe unakataa nini?"

"Ile ni picha tu, bwana Saulo," Muharami alimjibu. "Ni wembe na gundi."

"Mimi najua. Nilikuwa nimesimama pale, ndizi nilipokea mimi. Lakini nikisema, wananiambia namficha mke wangu."

Muharami akatoa noti ya shilingi ishirini, akaiweka mezani. Anaposimulia hapa anajifunika uso kwa viganja. "Noti, ndugu yangu. Mtu amenijia na nyumba yake imevunjika, mimi nampa noti." Saulo aliinuka, noti akaiacha palepale.

Mwandishi huyu anakiri kwamba aliposikia habari hizi mara ya kwanza, kwenye kilabu cha pombe, alicheka. Ndizi na mzee, nani asingecheka. Lakini mbele ya Muharami kicheko hakiji. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na hapa usaha umempata mwanamke ambaye mzaha haukuwa wake.

Katika daftari la mwaka huu nafasi ya kazi zake haina kitu. Anasema alikuwa ameazimia kuiandika Mwaka wa Rungwe juu ya ile ya Kihindi, na akiukumbuka ujuvi huo anatamani aingie chini ya meza.

Wiki iliyopita Saulo alirudi na ujumbe wa baba yake. Mzee hataki ng'ombe wala fedha. Anataka watu walewale wakusanywe, shuka itundikwe vilevile, filamu ionyeshwe bila kipande kile, na kabla ya hapo aliyeitengeneza asimame aseme kwa kinywa chake kwamba jambo lile halikutokea. Sekela ataletwa na mama yake. Watu wakisadiki, atarudi kwa mumewe siku hiyohiyo. Mzee ameongeza neno la upole: mgeni hajui, na asiyejua hana kosa.

Hilo neno la upole ndilo linalomnyima Muharami usingizi. Watu wote wa kule wanaamini alikosea kwa ugeni. Miongoni mwao ajuaye ukweli ni Fanueli peke yake, naye amemshauri anyamaze. "Fundi, wamekupa mlango, pita," Fanueli amemwambia. "Ukisema ulijua, Rungwe hutaingia tena na kamera. Na mimi nakula kwa injini hii."

Ni kweli kabisa. Tena atakayesikia kwamba Fundi Sinema huunganisha uongo akijua, ataziangalia vipi filamu zake nyingine, za dhahabu ya Chunya, au za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni? Muharami amelifikiri hilo. Amefikiri pia kwamba mama yake Sekela hawezi kumsadiki mgeni asiyejua kitu. Asiyejua angeweza kupiga picha jambo lililotokea kweli, asitambue kwamba ni mwiko. Anayeweza kusadikiwa ni yule aliyejua, akaunganisha makusudi, na sasa anakiri kwa hasara yake.

Kwa hiyo atakwenda Jumamosi ijayo. Atazungumza Kinyakyusa, asitafsiriwe. Maneno mengi amefundishwa na Fanueli. Neno moja Fanueli amekataa kumfundisha, na Muharami amelipata kwa mama mmoja anayeuza ndizi sokoni, ambaye hakuuliza ni la kazi gani.

Anaukata utepe mara mbili kwa wembe, kipande kinaanguka mezani. Mwandishi anamwomba amwambie kwa Kiswahili atakayoyasema. Muharami anasimama wima, mikono imeshuka, kama yuko mbele ya watu. Anaanza, anakatika. Mwanahawa anaweka ungo chini. Anaanza tena.

"Sekela hakumpa mzee kitu, wala hakumchekea. Niliwaweka pamoja mimi." Anakitazama kile kipande mezani. "Na nilijua."